Hosteli ikiungua: mfanye nini, chuo kifanye nini, kuanzia moto mpaka UE (mtihani wa mwisho wa muhula)

Naandika hii kwa wanafunzi wa vyuo, viongozi wa serikali za wanafunzi, matroni na wadeni wa huku Mwanza, hasa nyie wa Malimbe, Nyegezi, Bugando na zile hosteli za mtaani za Mkolani na Buhongwa ambako mwenye nyumba kashusha vyumba 30 afu mlango wa kutokea ni mmoja. Mi niliunguliwa nikiwa mwaka wa pili. Chuo sikitaji, hosteli siitaji, wahusika wanajijua na wengine bado tunasalimiana vizuri tu. Nilikuwa kiongozi wa bloku, yaani kazi yangu kubwa kabla ya siku ile ilikuwa kupatanisha watu waliogombania kamba ya kuanikia.

Nilichojifunza ni kwamba moto wenyewe ulichukua chini ya saa moja, ila makaratasi yake yalitutafuna muhula mzima, na kila tulipokwama tulikwama sehemu ileile, ORODHA. Nani katoka, nani kaumia, nani kalala wapi, nani kapoteza nini. Kwahiyo ukiona nairudia orodha mpaka nakuchosha nivumilie tu.

Na watu wa Mwanza hatukutakiwa kufundishwa hili. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, ndo maana mpaka leo idadi ya waliokufa watu wanabishana na kule makaburini Igoma kuna waliolala bila majina. Usiku ule mlezi wetu mmoja, mzee wa hapahapa mjini, ndo kitu alichokisema, "wanangu andikeni majina, tusije tukawa kama meli". Sijawahi kuisahau hiyo kauli.

KABLA HAUJAWAKA (fupi, ila usiruke)

Piga picha vyeti vyako leo. Cheti cha kuzaliwa, cha form four, cha form six, kadi ya NIDA mbele na nyuma, kadi ya bima, risiti za ada, kitambulisho cha chuo. Jitumie kwenye imeli yako mwenyewe na mtumie mtu mmoja nyumbani. Sio kwenye galari ya simu peke yake maana simu ndo ya kwanza kuungua, inakuwa kwenye chaji kichwani kwa kitanda. Namba ya NIDA ishike kichwani kabisa, ni ndefu ndio, tarakimu 20, lakini nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa kwahiyo nusu kidogo unaijua tayari.

Vyeti orijino kama huna matumizi navyo muhula huu viache nyumbani kwa mama. Chini ya godoro la sponji ni sehemu mbaya kuliko zote, sponji inashika moto haraka na moshi wake ni sumu.

Afu umeme. Zile ekstensheni za elfu tano za Makoroboi waya wake mwembamba mno, mara nyingi ni wa milimita za mraba 0.75, huo unabeba kama ampia 6 tu, kwa umeme wetu wa volti 230 ni wati 1,380 hivi. Pasi peke yake inakula wati elfu na zaidi. Sasa weka pasi, rais kuka na hita ya kuchemshia maji ya kuoga kwenye ekstensheni moja kwa wakati mmoja, halafu muizungushie chini ya kapeti mtu asijikwae. Waya unapata moto taratibu kila siku, plastiki inakauka, siku unapasuka nyie mko lekcha. Ukigusa waya ukakuta una joto, huo umeshakwambia. Na sakiti breka ikiruka kila mara msimwite fundi wa mtaani aweke kubwa zaidi "ili isisumbue", inayosumbua ndo inayowalinda.

HATUA YA 1: TOKA, PIGA 114, NA MTU AENDE BARABARANI

Ukiona moshi piga kelele "moto", gonga milango huku unashuka, usirudi kuchukua laptopu. Moshi ukiwa mwingi tambaa, hewa nzuri kidogo iko chini. Mlango uliofungwa uguse na mgongo wa mkono kwanza, ukiwa wa moto usiufungue, ziba uvujaji wa chini kwa nguo iliyolowa, nenda dirishani piga kelele. Ukitoka funga mlango nyuma yako, bila kufuli, moto unapenda hewa.

Anayejua meini swichi ilipo na anaweza kuifikia bila kupita kwenye moshi akaizime. Kabla ya hapo mtu asimwage maji, niliona kijana anakimbia na ndoo kuelekea soketi inayocheza cheche, bahati nzuri dada mmoja wa uuguzi alimkwida shati.

Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, bure. Polisi 112. Apige simu mtu mmoja mliyemteua, sio watu 60 kwa pamoja kila mmoja analia lake. Na hapa sikiliza vizuri, maana ndo tulipochemsha. Mtu wetu alisema "hosteli inaungua Malimbe njooni haraka" akakata. Malimbe ipi sasa? Huku kwetu njia zinapita katikati ya mawe, kona haina jina, nyumba haina namba. Sema hivi: barabara kuu ipi, mnaingilia wapi, baada ya nini (kanisa, sheli, duka la nani), gorofa ngapi, kuna watu ndani au wametoka, na kama kuna mitungi ya gesi. Usikate mpaka wakate wao.

Halafu watume wawili na bodaboda waende mpaka barabara kuu wakalisubiri gari na kuliongoza. Wengine wahamishe magari na pikipiki njiani, wakate kamba za nguo. Gari letu lilipita mara mbili juu kule likielekea siko wakati sisi tunaliona kwa taa zake, tunapunga khanga gizani. Utasikia watu wanalaumu zimamoto wamekuja bila maji, mimi kuanzia siku ile sisemi hivyo, gari linakuja na maji yanaisha ndani ya dakika chache kama moto umeshika paa, linahitaji sehemu ya kujaza. Kwahiyo kama mnajua tenki la chuo lilipo au kisima chenye pampu, mwambie kamanda akishuka tu. Ziwa tunaliona pale chini linameta na hakuna mtu anayeweza kulifikia kwa mpira, hiyo inauma kuliko moto.

HATUA YA 2: MAJINA

Hii ifanyike ndani ya dakika kumi za mwanzo, moto ukiwa bado unawaka. Msisubiri matroni.

Teueni sehemu moja ya kukusanyika, upande upepo unakotoka, mbali na ukuta. Jioni upepo huku mara nyingi unatoka ziwani, angalia moshi unaelekea wapi we simama upande wa pili. Watu wasimame kwa vyumba, sio kwa urafiki. Kila chumba kinasema: tulikuwa wanne, tupo watatu, fulani hayupo. Mtu mmoja anaandika.

Sisi tuliandika kwenye gamba la kaunta buku kwa wanja, maana hakuna aliyetoka na kalamu. Bado ninalo. Chumba cha 1, chumba cha 2, majina yamelala upande kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka, na pembeni mwa majina matatu kuna alama ya kuuliza. Tulitakiwa kuwa 64, tulikuwa 61.

Hao watatu walitupa dakika arobaini mbaya kuliko zote maishani. Mmoja alikuwa kaenda Sengerema tangu Ijumaa bila kuaga, wa pili alikuwa zamu ya usiku anakofanya kibarua, wa tatu tulimkuta nyuma ya choo cha bloku ya pili kajikunyata analia, alikuwa ametoka wa kwanza kabisa. Lakini sisi hatukujua, na kuna kaka wawili tayari walishalowesha mashuka wanataka kurudi ndani kumtafuta huyo aliyekuwa Sengerema anakula ugali kwa bibi yake. Unaelewa sasa kwanini nasema orodha. Mtu anakufa akimtafuta mtu ambaye hayupo.

Kwahiyo wadeni: daftari la kutoka na kurudi sio ushamba wala sio kubana watu wazima. Na nakala ya majina ya kila chumba ikae kwa mlinzi getini, nje ya jengo. Yetu ilikuwa ofisini kwa matroni, ofisi ilikuwa ghorofa ya chini, na yenyewe iliungua.

Orodha ikishakamilika mpe kamanda wa zimamoto akiwa hapohapo, kwa mdomo: "wote wametoka isipokuwa wawili, chumba cha 22, ghorofa ya pili upande wa ziwani". Hiyo sentensi moja inaokoa mtu. Usimpe hadithi.

HATUA YA 3: WALIOUMIA

Aliyeungua mpoze kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Zihesabu kwa saa, kwa macho utaona kama nusu saa imepita kumbe dakika nne. Usipake dawa ya meno, usipake asali, yai, mafuta wala unga, najua mama zetu wanapaka na tumepona wengi, ila daktari ataanza kwa kukwangua hivyo vitu vyote. Mvue pete, saa, bangili na shanga kabla hajavimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi iache. Funika kwa kitenge kisafi kisichobana.

Aliyevuta moshi anaweza akakwambia "niko poa" huku anacheka. Akiwa na sauti inayokwaruza, anakohoa masizi, au vinyweleo vya puani vimeungua, apelekwe hospitali hata kama anakataa. Sekou Toure au Bugando, kutegemea mlipo na gari mlilopata. Kila anayeondoka andika: nani, kapelekwa wapi, saa ngapi, na gari gani, kaambatana na nani. Sisi kuna mama alizunguka hospitali mbili usiku kucha akimtafuta binti ambaye alishapewa panadol akarudishwa, amelala zake kwa rafiki Nyegezi.

Kadi ya bima kama imeungua namba yake inatosha kuanzia, ofisi ya chuo inayo, ndo maana mtu wa chuo lazima awepo hospitali usiku huohuo na faili lake. PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi kutibiwa) mmoja aifuatilie polisi wakati mgonjwa yuko njiani, msikae kwenye benchi la kituo na mtu anayevuja maji ya ngozi.

HATUA YA 4: USIKU WA KWANZA

Chuo kitataka kuwaambia "kila mtu atafute pa kujihifadhi, kesho saa nne tukutane". Kataeni, kwa adabu lakini kataeni. Mkitawanyika usiku ule orodha imekufa. Ombeni ukumbi mmoja, hata darasa. Anayetaka kwenda kwa ndugu au rafiki aende, ila aandike jina, mtaa na namba ya simu ya huko.

Vitu vya kuomba usiku huo sio vingi: maji ya kunywa, uji au chai, khanga na mashuka, ndala, pedi, chaja za aina zote mbili. Pedi msione aibu kutamka, mkuu wa chuo wetu aliletewa karatasi imeandikwa "mahitaji ya kike" akabaki anauliza ni nini hicho mpaka mhudumu mmoja akamjibu kwa sauti mbele ya watu wote, ikaletwa katoni nzima kabla ya alfajiri. Wa kwanza kutufikia hakuwa mtu wa chuo hata, ni mama ntilie wa getini, alikuja na sufuria la uji na khanga zake tano kichwani, anatuita mmoja mmoja "njoo mayu, kunywa kwanza". Mi nilitoka na gauni la kulalia na kandambili moja ya kushoto. Nilivaa khanga ya yule mama siku nne.

Pigia nyumbani sasa hivi, kabla ya picha. Hii ni muhimu kuliko mnavyodhani, dakika tano tu zinatosha video ya moto kufika kwenye grupu la ukoo. Simu zilizosalia zipange mstari, kila mtu dakika moja: "mama mimi fulani, hosteli imeungua, mimi mzima, simu yangu imeungua, usipige, nitapiga kesho mchana". Basi. Kwa upande wa chuo, watoe tangazo lao ndani ya masaa mawili, fupi, wakisema wanachojua tu: saa ngapi umeanza, jengo lipi, wangapi wametibiwa, namba moja ya wazazi kupiga ambayo INAPOKELEWA. Namba ya kwetu iliita mpaka ikazima.

Na kuhusu chanzo, nyamazeni. Usiku ule tayari kwenye grupu dada wa chumba cha 14 alishahukumiwa, eti alikuwa anapika maharage kwenye jiko la koili. Jiko analo kweli, tulimlia maharage yake mara ngapi. Ripoti ilipotoka moto ulianzia darini, kwenye maungio ya nyaya, juu ya korido, wala sio chumbani kwake. Lakini yeye alishahama chuo.

HATUA YA 5: ASUBUHI

Msiingie. Paa lililoungua linaanguka hata siku ya pili, na wachunguzi wanahitaji kukuta vitu vilipo. Chuo kiweke walinzi kuanzia usiku, maana vibaka wanafika kabla ya polisi, sisi nusu ya vitu vilivyopona kwenye moto viliondoka mchana kweupe kwa mgongo wa "kusaidia kutoa".

Wakati mnasubiri kila mtu aandike alichopoteza. Sio "nguo na vitabu". Andika godoro la tano kwa sita, laptopu aina gani, ilinunuliwa lini kwa shilingi ngapi, nani shahidi, una picha ukiwa nayo? Picha za bethidei zilitusaidia ajabu, nyuma ya keki unaona meza, juu ya meza laptopu. Andika kweli tupu. Kuna kaka aliandika suti tatu, na sisi wote tunajua alikuwa anaazima tai. Mkikutwa na mmoja kama huyo orodha nzima inatiliwa shaka.

Kila karatasi isainiwe na mwenyewe na kiongozi wa chumba, nakala tatu: chuo, serikali ya wanafunzi, na ya kwako.

HATUA YA 6: KURUDISHA UTAMBULISHO, KWA MPANGILIO HUU

Nimeona watu wanaanzia cheti cha form four. Hapana. Anza na laini ya simu, kwa sababu kila kitu kingine kinatuma meseji kwenye hiyo namba. Nenda duka la mtandao wako na namba ya NIDA, weka kidole, wanakuswapia laini palepale. Pesa yako ya kwenye simu inakuwa imerudi pia.

Pili, los ripoti ya polisi, yaani taarifa ya kupotelewa na vitu. Unaweza kuomba kwa mtandao wa polisi, unalipia kwa kontroo namba, au kituoni. Taja kila kitu kwa jina na namba yake, ukisahau kimoja utarudia. Chuo kilichojipanga kinamuomba polisi aje pale pale ukumbini na mtu wa NIDA na wa benki wakae meza moja siku nzima, sisi tulipata hiyo siku ya sita baada ya kelele nyingi, na ndani ya masaa machache ikamaliza kilichotushinda wiki nzima.

Tatu kitambulisho cha chuo, waambie wasitoze, kikao cha kwanza kabisa ombeni hilo liandikwe kwenye muhtasari. Nne kadi ya benki. Tano NIDA kadi yenyewe, hii haina presha kama namba unayo. Sita cheti cha kuzaliwa, RITA. Mwisho vyeti vya NECTA, wanatoa cheti mbadala lakini ni safari ndefu na ina ada, kwahiyo iache kwanza upumue.

Wenye mkopo: kama ulikuwa hujasaini bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu), nenda kwa ofisa mikopo wa chuo wiki hiyohiyo. Usimwambie "niliunguliwa" ukadhani anajua, mpe barua. Bumu lenyewe la chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, toa humo chakula, jumlisha godoro jipya, ndoo, mashuka, utaona mwenyewe kwanini msaada wa chuo sio hisani.

HATUA YA 7: KUKIBANA CHUO BILA KUGOMBANA

Ombeni mambo manne kwenye kikao cha kwanza na kila moja liwe na tarehe na jina la mtu. Malazi mpaka lini na wapi. Pesa ya dharura kiasi gani, inaingia lini, kwa njia gani. Kodi ya hosteli iliyobaki inarudi au inahamia jengo jingine. Ripoti ya uchunguzi mtasomewa lini. "Tunalifanyia kazi" sio tarehe.

Mchagueni msemaji mmoja na katibu mmoja. Katibu aandike muhtasari na autume siku hiyohiyo kwa imeli ya mshauri wa wanafunzi: "kama tulivyokubaliana leo...". Wakikaa kimya imeshakuwa kumbukumbu. Sisi hii ndo iliturudishia kodi, mtu alikana kwamba hakuahidi, tukamfungulia imeli yake.

Kwa nyie wa hosteli za mtaani mambo ni magumu kidogo maana chuo kitasema sio jengo letu. Ni kweli, lakini mwanafunzi ni wao. Nendeni hata hivyo kwa mshauri wa wanafunzi, na mwenye nyumba mpelekeeni barua ya kudai kodi ya miezi iliyobaki kupitia serikali ya mtaa, mwenyekiti agonge muhuri. Kama mlilipa bila risiti tafuteni meseji ya muamala.

Michango. Watu watachanga, Mwanza watu wana roho. Msikubali namba tatu tofauti za watu watatu zinazunguka kwenye magrupu. Namba moja, jina linalojulikana, kila jioni piga skrinishoti ya salio weka hadharani. Na nguo za msaada msimwage kwenye turubai watu wakavutana kama soko la mitumba la Mlango Mmoja siku ya kufungua belo, pangeni kwa saizi, waite kwa orodha (ndio, ileile).

HATUA YA 8: MITIHANI NA KICHWA

Ukiona huwezi kufanya UE andika barua ya kuahirisha KABLA ya mtihani, ambatanisha los ripoti na karatasi ya hospitali kama unayo. Ukiingia chumba cha mtihani ukafeli, hiyo ni sap (mtihani wa marudio) kama sap nyingine, moto hauhesabiki tena. Ukiahirisha kwa kibali unafanya spesho (mtihani maalumu), na matokeo yake yanahesabika kama ya mtihani wa kwanza. Tofauti ni karatasi moja tu.

Notisi: wa madarasa mengine wawapigie picha daftari zao, gawaneni masomo, kila mtu somo moja. Wahadhiri wengi ni waelewa ukiwafuata mapema, mmoja alituchapishia vitini vyote upya kwa pesa yake akakataa tusimtaje, basi simtaji.

Kichwa sasa. Mi nililala na viatu miezi miwili. Rafiki yangu akisikia harufu ya mkaa tu anatetemeka, na huku jioni kila kona kuna mtu anachoma samaki. Hiyo ni kawaida wiki za mwanzo, ikizidi mwezi, hulali, husomi, unakwepa watu, nenda kitengo cha ushauri nasaha au Bugando. Na chuo kisisubiri mtu aje, kiwapigie wote waliopo kwenye orodha mmoja mmoja, wiki ya kwanza na tena baada ya mwezi. Tulipigiwa wiki ya kwanza. Ya mwezi haikuja, na ndo ilikuwa inahitajika.

HATUA YA 9: KURUDI NDANI

Watapaka rangi, na rangi inapendeza. Nyie ombeni kuona karatasi ya ukaguzi ya Zimamoto, sheria ya mwaka 2007 inawapa hilo jeshi mamlaka ya kukagua majengo, sio kuzima tu. Muulize fundi nyaya za darini zimebadilishwa zote au zimeungwa pale palipoungua. Angalieni mitungi ya kuzimia moto, mshale uko kwenye kijani? kuna anayejua kuitumia? Nondo za madirishani angalau moja kila chumba ifunguke kwa ndani. Wanaosema hii ni kujitakia mikosi wakumbuke Idodi kule Iringa mwaka 2009, mabinti 12, na karibu zaidi na sisi Byamungu kule Kyerwa, Kagera, Septemba 2020, watoto 10. Shauritanga 1994 walikuwa zaidi ya 40. Wote walikuwa wamelala bwenini.

Fanyeni zoezi la kutoka, usiku, bila kutangaza siku. La kwetu la kwanza lilichukua dakika 11 na watu walitoka na mabegi. La tatu dakika tatu na nusu.

Afu mlango wa nyuma. Sisi ulikuwepo, umeandikwa kabisa "mlango wa dharura" kwa rangi nyekundu, ila ulikuwa na kufuli kwa sababu wavulana walikuwa wanapitia, na funguo ilikuwa kwa mlinzi aliyeenda kula. Siku ya kuhamia, kabla hujatandika hata kitanda, shuka ukausukume mwenyewe kwa mkono. Ukifunguka panda ukatandike. Ukikuta kufuli lipige picha, tuma kwenye grupu la hosteli na kwa mshauri wa wanafunzi, na begi lako likae hapo nje mpaka litolewe.